Sekunde Moja Tu

Nyumbani kwa babu palikuwa na saa thelathini na moja ukutani, na karibu kila moja ilikuwa na maoni yake. Babu alikuwa fundi saa. Mteja akileta saa iliyokufa, babu humuuliza, "Uliiangusha?" Mteja huapa kwamba imesimama yenyewe tu, na babu hucheka mpaka miwani iteleze puani.

Mjukuu wake wa miaka kumi na moja, babu mwenyewe alimpachika jina la Sekunde. Kila alipochomoka kwenda kuruka kamba, msichana huyo alisema, "Nakuja, sekunde moja tu!" Basi tena, humwoni mpaka jioni.

Jumamosi moja mama alimwambia, "Babu yako ana presha. Mimi nakwenda kazini, usimwache peke yake." Saa zilizokwisha kupona zilipogonga tatu asubuhi kwa pamoja, babu alikuwa akipiga mluzi huku akikaza skrubu ndogo kama punje ya mchanga. Nje, kamba ilisikika ikichapa chini.

"Babu, nakuja, sekunde moja tu!"

Alirudi saa tisa alasiri, akakutana na mama mlangoni akitoka kazini. Ndani, babu alikuwa ameketi sakafuni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Alijaribu kusema, maneno yakagoma. Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali.

Daktari wa mishipa ya ubongo, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, aliuliza, "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?"

"Binti yangu alikuwa naye," mama akajibu. "Naona alitoka sekunde moja tu, tukamkuta hivi. Sivyo, mwanangu?"

Kuitikia kwa kichwa kungekuwa rahisi, na asingejua mtu. Sekunde akautazama ule mkono wa babu, mkono wa skrubu ndogo, akapiga moyo konde.

"Sivyo, mama. Nilitoka saa tatu asubuhi. Nimecheza kutwa. Nisameheni."

Mama alimkodolea macho. Daktari alimgeukia muuguzi. "Basi ile sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda tuiache. Muda wake umepita, inaweza kumvujisha damu ubongoni. Apigwe picha za kichwa sasa hivi!"

Picha zilionyesha bonge la damu limeziba mshipa, lakini sehemu kubwa ya ubongo bado ilikuwa hai.

"Mtampasua kichwa?" mama akauliza.

"Hata kidogo. Tutaingilia pajani."

"Pajani! Na ugonjwa uko kichwani?"

"Njia ni moja, mama, mishipa imeungana. Tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, tunaufuata kwenye skrini mpaka palipoziba, tunalivuta bonge nje."

Kabla saa moja haijaisha, daktari alitoka akitabasamu. "Limetoka lote!"

Babu alikuwa amelala chali, mguu umenyooshwa kama alivyoamriwa. Sekunde akatia kidole chake katika kiganja cha kulia. Kiganja kikafumba, kikambana.

"Se-kunde," babu akasema polepole. "Imeisha, hiyo sekunde?"

Sekunde alilia na kucheka kwa pamoja, na mama naye akashindwa kununa.

Wiki tatu baadaye babu alirudi mezani kwake, ulimi mwepesi na dawa za presha kando ya miwani. Mama alikwisha kumsimulia yote.

"Saa iliyoanguka hainishindi," alimwambia mjukuu wake. "Anayenishinda ni mwenye saa anayenificha kwamba aliiangusha, maana nafungua mahali pasipo na ubovu. Wewe ulikosea kwa kuniacha, tena sana. Lakini ulisema kweli ilipokuuma, na daktari akajua pa kushika. Ndiyo maana nimetengenezeka."

Kamba ikachapa nje. Sekunde akasimama, akafikiri kidogo.

"Mama yupo jikoni. Babu, natoka mpaka saa kumi na moja kamili."

Saa zilipogonga kumi na moja, alikuwa kizingitini, anahema, kamba mkononi. Babu alizitazama saa zake, akamtazama na yeye.

"Hii nayo imepona," akasema.