Sadaka Iliyokataliwa

Baada ya swala ya Ijumaa, ndegetumwa zisizo na rubani ziliinuka juu ya jiji la Mtwara, zikashusha unga, mchele na dawa kwenye nyua za wahitaji. Hakuna aliyeomba. Akili unde iitwayo Mgawaji ilikokotoa zaka ya kila tajiri mwaka wake ulipotimia, ikapima upungufu wa kila nyumba, kisha ikaunganisha pande hizo mbili. Ombaomba walikuwa wametoweka misikitini.

Mhandisi Shemsa, aliyeiunda, alijivunia jambo hilo. Lalamiko la Bi Somoe wa mtaa wa Chikongola lilipomfikia, alikwenda mwenyewe kumwelewesha.

Bi Somoe, mjane aliyelishwa na Mgawaji tangu macho yake yapungue nguvu, alimkaribisha mkekani. Akasimulia kwamba jirani yake Mwanaisha kafiwa na mume, naye Bi Somoe kajaribu kumtumia, kupitia Mgawaji, kidogo alichojinyima. Kila mara mashine ilimrudishia, ikidai hana uwezo wa kutoa.

Shemsa alieleza kwa upole kuwa kufuli hilo aliliweka yeye, ili maskini wasijinyime chakula.

"Njaa mmeniondolea, mwanangu, nashukuru," alisema Bi Somoe. "Lakini nimetoa sadaka tangu usichana wangu. Leo mkono huu ni wa kupokea tu. Thawabu nazo zimekuwa za matajiri?"

Shemsa alichomoa simu yake ya mkononi. Akaiuliza Mgawaji kama wapo wengine waliokataliwa hivyo.

"Wapo," ilijibu. "Karibu kila nyumba ninayoisaidia."

Shemsa alidhani amewasitiri watu hawa, kumbe alikuwa amewafungia mlango.

Alilipeleka suala hilo kwenye baraza la masheikh na wahandisi. Wengine walihofia matapeli wangewakamua wanyonge, na hofu yao haikuwa ya bure. Mwishowe walikubaliana: Mgawaji itahadharishe kwanza, kisha itii.

Shemsa alirudi Chikongola. Bi Somoe akajaribu tena.

"Chakula chako kitapungua, mama," Mgawaji ilimwambia. "Bado unataka?"

"Nataka."

"Imemfikia Mwanaisha."

Bi Somoe alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Shemsa alikuwa bado mkekani Mgawaji ilipomwita. Mwanaisha alikuwa amemega nusu ya alichopewa, akaituma kwa mgonjwa wa nyumba ya tatu. Je, Mgawaji iliuliza, hiyo ilikuwa hitilafu?

"Siyo," Shemsa akasema. "Iache ipite."