Siti Iliyopanda Yenyewe

Enyi wazazi, walezi, na wote mnaomiliki magurudumu mawili! Leo nasimama mbele yenu kuwahutubia juu ya maradhi yanayobomoa nyumba kuliko ulevi na kamari. (Kusema kweli nimekaa, tena juu ya ndoo iliyopinduliwa, lakini maradhi ni yaleyale.) Maradhi yenyewe ni shuku.

Palikuwa na fundi cherehani, mtu mtaratibu, aliyeishi na mkewe, binti yao aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, mtoto mwenye adabu ambaye hatuna haja ya kumtaja sana, na shemeji yake. Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa mchomeleaji wa vyuma mwenye miguu mirefu kama ngazi.

Wanaume hao walipatana kama shati na kola. Miezi mitano, kila jioni, walikaa sebuleni wakiiunda baiskeli ya fundi, ya kwendea kazini na ya kusafiria likizo. Shemeji alichomelea keria mbele na nyuma. Fundi akashona mikoba ya turubai, yenye mfuko wa koti la mvua na mfuko wa pampu. Wakafunga madigadi mapana, taa ya dinamo na gia nyepesi ya kupandia milima. Kisha wakapanga safari ya siku nne, fundi juu ya baiskeli yake na shemeji juu ya baiskeli ya kuazima, hadi kwa mama mkwe, ambaye alikwisha kuwatangazia majirani zake wote.

Fundi ni fundi. Alipima kutoka pedali hadi siti kwa futi yake ya utepe, ile ya kushonea: sentimita themanini na nne. Akaandika kwa chaki ukutani. Kila asubuhi alipima tena kabla ya kutoka.

Asubuhi moja futi ikasema themanini na tano.

"Nani kapanda baiskeli yangu?"

"Labda umepima vibaya," alisema mkewe.

"Mimi? Miaka ishirini napima viuno vya watu, leo nishindwe na siti?"

Akaishusha. Baada ya siku mbili, themanini na tano tena. Akaishusha tena, safari hii akiitazama miguu ya shemeji chini ya meza. Usiku akafunga uzi mwembamba kwenye pedali. Asubuhi uzi ulikuwa mzima.

"Mjanja huyu," alinong'ona. "Anaufunga upya."

Siti ilipopanda mara ya tatu, fundi aliishusha kwa hasira. Sasa magoti yalikaribia kumgonga kidevu, akawa anafika dukani anahema. Na huko dukani, ajabu nyingine: kila mteja wa zamani alikuwa amenenepa sentimita tatu. "Watu wanakula siku hizi," alijisemea, akaendelea kukata.

Jioni moja mezani akapasua jipu.

"Shemeji, siti inapandishwa na mtu mrefu. Humu ndani mrefu ni nani?"

"Keria hizo nimezichomelea mimi. Ningetaka kuipanda, si ningekuomba?"

"Ndiyo nashangaa hukuomba."

Shemeji alisukuma sahani, akachukua godoro lake na miwani ya kuchomelea, akahamia karakanani kwake. Mke akaacha kuzungumza na mumewe. Safari ikafa. Mama mkwe akipiga simu, kila mtu anampa mwenzake ajibu.

MAFUNZO

Ndugu zangu, fundi alimshuku kila mwenye miguu, ila hakuishuku futi yake. Kabla hujamhukumu mtu wa nyumbani mwako, kikague kwanza chombo unachompimia. Hayo ndiyo mafunzo, na kwa hayo machache naomba...

Samahani. Mama amesimama mlangoni. Ana sketi yangu ya shule, imelowa, mfuko nje, na kiganjani vipande vitatu vya futi: moja, mbili, tatu.

"Hivi ni nini?"

"Vipande, mama."

"Naviona. Vya nini?"

Basi. Ni mimi. Nilikuwa nang'oa kibati cha mwanzo wa futi ya baba, nakata sentimita moja, nakirudisha kibati kwa meno. Siti haikupanda hata mara moja; futi iliyokatwa ndiyo iliyozidisha namba. Kipande cha kwanza kilikuwa mzaha. Cha pili, kwa sababu cha kwanza kilinoga. Cha tatu nilikikata baada ya kumwona baba akiitazama miguu ya mjomba, na hapo sina utetezi. Mjomba alipobeba godoro nilikuwa dirishani. Nilinyamaza, kisha nikakaa kuwaandikieni ninyi kuhusu shuku.

Mafunzo yenyewe ni haya: mzaha ukishamwangukia asiye na kosa, na wewe ukanyamaza, huo ni uongo.

Mama ameagiza nikayasome haya karakanani, mbele ya mjomba, kwa sauti, kuanzia mwanzo. Baba anakuja pia. Anasema atatembea kwa miguu. Naenda. Sijui kama mjomba atarudi.