Yusta na Daraja la Chokaa

Yusta Kalinga hakuwa na sweta lisilo na kiraka. Hakuwa na kitanda chake mwenyewe, kwani alilala na binamu zake wawili. Hakuwa na subira, na hilo walimu wote walilijua. Tena, tangu mwezi wa pili, hakuwa na mama nyumbani. Mama yake, Sajenti Faustina, alikuwa muuguzi katika jeshi la kulinda amani nchi jirani, ambako vita vilikuwa vimewafukuza maelfu ya watu makwao.

Kila asubuhi, hapo Iyunga, Yusta alichota maji, akampikia Baba Mkubwa Vitus chai, kisha akakimbilia shuleni kabla kengele haijalia. Njiani aliwaza jambo moja tu: mama ajue kwamba binti yake naye anafanya kazi ya amani.

Nafasi ikaja. Mwalimu Andendekisye aliandaa igizo la mazungumzo ya amani kwa darasa la sita. Alichora daraja kwa chokaa katikati ya uwanja. Nusu moja ilishikwa na Serikali, ikiongozwa na Blessing. Nusu ya pili na Waasi, wakiongozwa na Dastan. Ng'ambo walikaa watoto wa darasa la pili, walioigiza wakimbizi, na uji wao wa saa nne ungepita darajani pale tu pande zote mbili zitakapoondoka. Yusta alichaguliwa kuwa msuluhishi. Ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kubeba maneno ya upande huu kwenda upande ule.

"Ijumaa atakuja afisa kutoka kikosini," mwalimu alisema. "Daraja likifunguka, barua ya makubaliano itawekwa kwenye mzigo unaokwenda kwa askari wetu. Lisipofunguka, hakuna barua."

Yusta aliona kazi ni nyepesi. Baba Mkubwa alikuwa mshenga anayesifika, na likizo iliyopita walifuatana hadi Nyololo kwenye posa. Huko wazee wa binti walifoka, "Mwambieni huyo mlevi wenu asiguse pombe miezi sita!" Lakini Baba Mkubwa alipofika upande wa kijana alisema kwa upole, "Wazee wanaomba kijana aipe chupa kisogo kwa miezi sita." Watu wakacheka, posa ikapita. Yusta akajiambia kwamba siri ya kupatanisha ni kuwaambia watu wanachopenda kusikia.

"Waambie Serikali waondoke kwanza," alisema Dastan. "Sisi hatutangulii ng'o!"

"Waondoke wao," alijibu Blessing. "Unadhani sisi wajinga?"

Siku mbili maneno yalikuwa hayo hayo. Alhamisi mchana uvumilivu ulimwishia Yusta. Akamwambia Dastan, "Serikali wamekubali kutangulia." Akamwendea Blessing, akamwambia, "Waasi wamekubali kutangulia." Wote wawili wakatia saini, kila mmoja kwenye karatasi yake ya makubaliano.

Ijumaa afisa aliketi mbele, na sufuria ya uji ikasubiri juu ya toroli. Mwalimu akapuliza filimbi. Hakuna aliyenyanyua mguu.

"Haya, tokeni!" Blessing alisema.

"Tokeni nyie! Si mmekubali?"

"Nani kakubali? Yusta katuambia ni nyie!"

"Sisi katuambia ni nyie!"

Macho yote yakamgeukia Yusta. "Muongo we!" sauti ikatoka nyuma. Wakaanza kusukumana, na chokaa ikafutika chini ya miguu yao. Watoto wa darasa la pili walisimama juani na vikombe vyao, mpaka kabinti kamoja, Alinanuswe, kakakaa chini na kulia. Walipopewa uji hatimaye, ulikuwa umepoa na kushikana.

Afisa akafunga daftari lake. "Nitapita tena Jumatano," alisema. "Mzigo unaondoka Alhamisi."

Nyumbani Baba Mkubwa alikuwa akichagua viazi vya kupeleka sokoni.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Yusta akaeleza yote, akamalizia, "Nilifanya kama ulivyofanya Nyololo."

Mzee akaviacha viazi. "Kama mimi? Wale wazee walitaka kijana asiguse pombe kwa muda gani?"

"Miezi sita."

"Nami nilifikisha miezi mingapi?"

"Sita."

"Ningesema miwili, upande wa kijana wangenishangilia. Halafu siku ya harusi wangepigana. Mshenga huondoa matusi, Yusta. Ahadi haigusi, kwa sababu si yake."

Jumatatu Yusta alisimama mbele ya pande zote mbili. "Niliwadanganya. Naomba radhi. Nipeni nafasi niulize upya."

"Utuletee uongo mwingine?" Dastan alimdhihaki. "Nenda kauze karanga!"

Wakacheka. Yusta akasubiri wamalize. "Niambie tu kwa nini hamtaki kutangulia. Nitaandika, nawe utasoma kabla sijakwenda kwao."

Dastan akakuna kichwa. "Tukitangulia, watatuzunguka kwa nyuma."

Blessing naye alipoulizwa, alitoa jibu lile lile. Yusta akawasomea wote, neno kwa neno. Dastan akacheka. "Kumbe tunaogopana!"

"Basi tusogee pamoja," alisema Blessing, "hatua kwa hatua."

"Na nani atahakikisha?"

"Darasa la saba. Hawana upande."

Jumatano wanafunzi wa darasa la saba walisimama katikati ya daraja wakiwa wamejifunga vitambaa vya bluu kama walinda amani. Kila filimbi ilipolia, pande zote zilirudi nyuma hatua moja. Mara mwanafunzi mmoja wa darasa la saba akainua mkono. "Muasi mmoja amebaki!" Mvulana huyo akarudi nyuma kwa aibu. Toroli likapita, na safari hii uji ulikuwa ukitoa mvuke.

"Mmeona?" alisema Mwalimu Andendekisye. "Walinda amani hawakumpiga mtu. Wamesimama katikati na kusema walichokiona. Lakini wasingepata pa kusimama kama mwenzenu asingesema ukweli kwanza. Anayebeba maneno ya watu wawili ameshika usalama wa wengi, wakiwamo wenye vikombe vitupu."

Yusta akaandika barua ya makubaliano, na chini akaongeza: "Mama, mara ya kwanza nilidanganya. Ndiyo maana tumechelewa siku tano."

"Una hakika unataka mama ayasome haya?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Ndivyo ilivyokuwa."

Mwalimu akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha. Yusta akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akamkabidhi afisa kwa mikono miwili. Afisa akaiweka pamoja na barua nyingine za askari, akafunga begi, na gari likatoka getini.