Mwenye Mfupa

Siku ile ilianza vizuri tu. Fundi cherehani, jirani yetu wa mlango wa pili, alikunywa chai, akamkabidhi binti yake mdogo kwa wifi yake, akaenda hospitali akichechemea kama alivyochechemea tangu aanze kutembea. Mtoto alimzaa mwenyewe, lakini hakuwahi kutembea naye mgongoni hata hatua kumi.

Daktari alimweleza taratibu, bila kumharakisha. "Kikombe cha nyonga yako hakina kina cha kutosha tangu kuzaliwa, ndiyo maana mfupa wa paja unateleza. Tutakuwekea nyonga ya bandia. Ila juu pana pengo, tutalijenga kwa kipande cha mfupa wa mtu."

"Mtu gani?"

"Aliyejitolea kabla hajafa. Zaidi ya hapo hata mimi siambiwi."

Fundi akacheka. "Basi ni kiraka. Viraka navijua, daktari."

Upasuaji ulikwenda salama. Alipozinduka, alikuta mto mnene katikati ya mapaja yake. Sista alimwonya asiache miguu ipishane hata kidogo. Nyonga ingechomoka kabla kiraka hakijashika, na ikichomoka, habari ya kubeba mtoto aisahau.

Siku ya tatu, saa nane mchana, wodi nzima ilikuwa imelala. Fundi alishtuka. Mto ulikuwa sakafuni. Mguu uliopasuliwa ulikuwa unasogea, polepole, kuelekea mwenzake.

Hakuwa anausogeza yeye.

Alipiga kelele. Mfagiaji wa wodi, mama mtu mzima, alikuja mbio, akaurudisha mguu mahali pake, akaokota mto na kuupangusa kwa gauni lake. Hakumgombeza. Alimshika mkono, akamnong'oneza, "Mwanangu, nani yule aliyekuwa ameinama hapa kitandani?"

Kesho yake, saa ileile, mvuto ule ulikuja tena. Safari hii aliusikia. Ulikuwa mkono, wa baridi. Haukumshika juu ya ngozi. Ulimshika kwa ndani, chini ya nyama, palepale penye kiraka.

"Changu," sauti ilinong'ona.

Jioni wifi yake alipokuja kumwona na kusikia habari hiyo, uso ulimsawijika. "Wifi yangu, mwambie daktari akitoe!"

"Akitoe, halafu nibaki na shimo?"

"Utakufa!"

"Nimechechemea miaka ishirini na sita, sikufa. Kesho asubuhi niletee sindano kubwa, uzi wa kushonea viatu, na mishipi miwili. Na usimwambie kaka yako, atakuja kulia hapa anichoshe."

Wifi alileta vyote, na juu yake akaleta kigauni cha mtoto, ili fundi apate kukinusa. Fundi alijifunga mshipi kila paja, kisha akaushona mto kwenye mishipi yote miwili, mshono juu ya mshono, kama anavyoshona mikoba ya shule. Akalala chali. Akangoja.

Saa nane.

Uzi mmoja ulikatika. Ta.

Wa pili. Ta.

Mguu ulivutwa. Jasho likamtoka. Alitaka kupiga kelele, akajizuia.

"Nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Ulitoa kwa hiari yako, na mimi nakushukuru. Kila siku nitakushukuru. Lakini sirudishi. Mimi nina mtoto wa kubeba. Wewe unakwenda wapi na nyonga?"



Ta.

"Vuta! Vuta mpaka uchoke! Nitashona tena kesho, na keshokutwa!"

Mkono ulikaza. Naye akakaza. Mshono wa mwisho ulinyooka kama waya, ukalia, lakini haukukatika.

Wiki sita baadaye aliitwa kupigwa picha ya mifupa. Mpiga picha, kijana mpole, alimsaidia kupanda kitandani, kisha akaenda kwenye chumba chake cha kioo. Alirudi amekunja uso.

"Dada, nilikuambia usiweke mkono nyongani."

"Mikono yangu ilikuwa kifuani, kaka."

Alimwonyesha. Kiraka kilikuwa kimeshika vizuri, mfupa umeungana na mfupa. Na kukizunguka, kwa ndani, vilikuwepo vidole vitano.

Akapiga tena. Vidole vinne.

Kijana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Fundi alishuka, akasimama kwa mguu uleule, akaziweka picha mbili pamoja na kuzitazama kwa muda mrefu. Kisha akapanda tena kitandani.

"Piga ya tatu," alisema. "Tuone kama ataachia kingine."