Alichimba Kabla Ndege Haijatua

"Chui Mbili, mzigo umevuka mpaka wa Kasumulu saa kumi alfajiri. Viwashio vya mabomu, boksi moja. Askari wetu ameuawa mpakani. Prado nyeupe, imeingia Tukuyu. Majasusi wa kigeni wanaupokea saa saba mchana. Mtafute dereva."

Sauti ikakatika sikioni mwa Prisca.

Angejibu vipi, naye amekaa mkekani kati ya wanawake wanaolia, nyumbani kwao Bulyaga, hapohapo Tukuyu, maiti ya baba yake ikiwa ndani? Chini ya kanga ya msiba alikuwa na bastola, Glock. Kazi ya usalama wa taifa haikumpa hata nafasi ya kumlilia mzazi.

Aliinuka, akaenda nyuma ya migomba. Kaburi lilikuwa tayari. Mdogo wake, Hezron, alisimama kando yake kwa suti nyeusi na viatu vya matope. Alipomwona dada yake, machozi yakamtoka.

"Pole, dada. Nimetua Songwe asubuhi hii, ndege ya kwanza."

"Dar umeondoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili kamili."

Wakakumbatiana. Mzee Ambindwile, baba yao mdogo, akapita na sururu begani.

"Huyu mtoto, ndaga fijo, asante sana! Tumeanza naye saa moja asubuhi. Namwambia pumzika, hataki. Kaburi la tata, baba yangu, nachimba mwenyewe, anasema."

Mikono ya Hezron ikalegea mgongoni mwa dada yake.

Prisca akapiga hesabu, huku akiomba imkatalie. Dar hadi Songwe, angani, kilometa mia saba kasoro kidogo. Saa nzima na dakika ishirini, rubani akiwa na haraka zake. Kisha barabara: Mbalizi, Mbeya, Uyole, malori ya viazi ya Isongole. Saa mbili na ushee. Hata angeendesha shetani, asingefika kabla ya saa tatu na nusu. Saa moja asubuhi ndege ilikuwa bado mawinguni.

Kutoka Kasumulu, kwa Prado, ni mwendo wa saa moja tu.

Laiti angejificha, akaja saa nne kama wageni wengine! Lakini mtoto wa kiume wa hapa haachi wengine wamchimbie baba yake. Mapenzi yake kwa marehemu ndiyo yaliyomfunga, mjinga yule.

Alisubiri mzee aende.

"Hezron. Boksi liko wapi?"

"Dada..."

"Mtu ameuawa."

"Si mimi niliyepiga risasi. Naapa mbele ya tata." Akalitazama kaburi. "Gari liko hapa mjini, mtaa wa Bagamoyo, nyuma ya gereji. Niache nimzike kwanza."

Prisca akainamia kipaza sauti kidogo kilichofichwa ndani ya kanga.

"Chui Mbili hapa. Bagamoyo, nyuma ya gereji. Wategeni hapohapo. Dereva ninaye."

Walimzika saa sita. Wakatupa udongo bega kwa bega, watu wakasema ndugu hawa wanapendana, na ilikuwa kweli.

Saa saba na dakika tano sauti ikarudi sikioni.

"Boksi tunalo. Wageni watatu, chini ya ulinzi."

Akamfunga Hezron pingu, akazifunika kwa kanga.

Mama yao akawaona wakitoka.

"Mnakwenda wapi, chakula bado? Hezron, unawahi ndege?"

Mama akamgeukia Prisca.

"Lakini arobaini atarudi?"

Miaka tisa Prisca alikuwa akidanganya watu kwa mshahara. Kwa mama alishindwa.

"Hatarudi, mama."

Akanyoosha mgongo, akatembea taratibu hadi kwenye Land Cruiser yake akimwongoza mdogo wake, wala hakugeuka mama alipoanza kulia upya.