Tairi Lililoliwa kwa Ndani

Mkunga alikutwa ameegemea usukani, miwani ikiwa bado machoni, kama mtu aliyepitiwa na usingizi akisubiri foleni isogee. Kigari chake cha rangi ya maziwa kilikuwa kimejibamiza kwenye ukuta wa kiwanda cha matofali, chini kabisa ya mteremko. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na robo asubuhi. Wafanyakazi wa zamu ya kwanza walisimama kando, kofia mikononi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

"Ajali, afande," Sajenti alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kuandika na mwepesi zaidi wa kuhitimisha. "Tairi la mbele kushoto limepasuka, gari likamshinda. Tuwaachie trafiki."

Inspekta alizunguka kwenda mbele ya gari. Vijana wa kituoni walimwita Mzee Taratibu, naye alijua na hakujali. Alichuchumaa, magoti yakalia, akalitazama tairi lililochanika. Kwa nje meno yake yalikuwa marefu, na vile vinyweleo vya mpira vya dukani vilikuwa bado havijakatika. Akaingiza mkono kwa ndani. Kitu kikamchoma kidole.

Nyuzi za chuma.

Akazunguka upande wa pili. Tairi la kulia nalo lilikuwa hivyohivyo: nje mbichi, ndani kipara. Akaenda nyuma. Ya nyuma yalikuwa mazima, ndani na nje.

"Sajenti, ukivaa viatu vipya, kisigino kikaisha upande wa ndani tu, utasema umetembea sana?"

"Nitasema natembea vibaya, afande."

"Basi gari hili lilikuwa linatembea vibaya. Livuteni mpaka karakana yetu. Na lisiguswe na mtu."

*

Mume wa mkunga alikuwa fundi cherehani. Aliletwa kituoni na futi yake ya kitambaa ikiwa bado shingoni, hakuna aliyekumbuka kumwambia aivue. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini Sajenti alikuwa ameshaongea na majirani, na majirani walikuwa na mengi.

"Jana jioni mligombana," Inspekta alianza.

"Ndiyo."

"Kuhusu nini?"

"Matairi."

"Jirani anasema alikusikia ukipiga kelele, 'Utanitambua!'"

"Nilisema. Ni hasira, afande. Mtu husema."

"Mtu husema, na asubuhi mkewe anakufa. Matairi yalikukosea nini?"

Fundi cherehani akaivuta ile futi, akaizungusha kwenye vidole. "Matairi mapya, manne, ya miezi minne. Ya mbele yameisha. Kliniki yake iko kilomita nne kutoka nyumbani. Nikamuuliza unakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa wazazi wake tu, wale kina mama anaowazalisha. Nikamwambia mpira hauliwi na panya. Kuna mahali unakwenda, na kuna mtu unayemwendea."

Sajenti akaandika kwa kasi. Inspekta alimtazama yule mwanamume kwa muda. Aliujua wivu. Yeye mwenyewe aliwahi kuishi miaka miwili akihesabu dakika za mke wake sokoni, mpaka mke akachoka kuhesabiwa akaenda zake. Mwenye wivu huona vumbi, akadai ameona moshi. Lakini hata vumbi lenyewe, lazima kwanza lionekane.

"Unajua kutumia jeki?"

"Mimi? Hata kujaza upepo sijui. Mimi ni mtu wa pikipiki, na hiyo pikipiki niliiuza tulipooana."

"Basi uliyaonaje matairi? Yameliwa kwa ndani. Ukisimama kando ya gari huoni kitu."

Fundi cherehani aliiachia ile futi.

"Sikuyaona," alisema. "Niliambiwa."

"Na nani?"

"Shemeji. Dada yake mkubwa. Ana duka la matairi pale nyuma ya stendi ya malori. Gari lile haligusi mtu mwingine, hakubali. Nilipita kumsalimu wiki mbili zilizopita."

"Alisemaje? Nataka maneno yenyewe."

"Alicheka. Akasema, 'Shemeji, mkeo ana safari siku hizi. Chunga. Matairi hayajui kusema uongo.'"

*

Mkaguzi wa magari wa polisi alikuwa mzee mfupi ambaye hajawahi kuonekana na kucha safi. Alikuwa amelala chini ya kigari, miguu tu ikionekana, na sauti yake ilitoka kwenye uvungu.

"Afande, njoo uone kazi ya mtu mwenye akili na roho mbaya."

Inspekta akainama. Mzee akaonyesha kwa tochi fimbo mbili zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye magurudumu ya mbele, zile mafundi wanazoziita tairodi.

"Hizi ndizo zinazopanga magurudumu yatazame wapi. Yakitazama nje kidogo tu, yanakwenda yakijiburuta, na ukingo wa ndani unaliwa kama sabuni. Sasa, shimo la barabarani huharibu upande mmoja, na usukani unaanza kuvuta. Huyu amegeuza pande zote mbili, kipimo kilekile. Usukani umebaki katikati. Mama wa watu anaendesha, hajui kitu."

"Amegeuza mara moja?"

"Mara tatu, angalau. Tazama nati."

Kila nati ya tairodi ilikuwa na tone la rangi ya njano, lililokatika mahali nati ilipozungushwa. Juu yake tone jingine, nalo limekatika. Juu yake la tatu, zima.

"Mafundi wengine wana tabia hiyo," mzee akasema. "Ukishakaza nati unaitia rangi, ili ujue umeikaza. Mkono ukizoea, unatia tu bila kufikiri."

Inspekta alifungua mlango wa mbele. Kwenye kisanduku cha dashibodi kulikuwa na kadi ya duka la matairi, yenye tarehe na kilomita za siku matairi yalipofungwa. Akalinganisha na mita. Miezi minne, kilomita elfu tatu na mia tisa. Kliniki, nyumbani, na nyumba za wazazi. Mwanamke wa watu hakuwa amekwenda popote.

Sajenti aliingia na karatasi mkononi. Safari hii hakuwa na haraka.

"Taarifa ya awali ya daktari, afande. Alikufa kwa pigo la kifua." Alifunua ukurasa wa pili. "Na alikuwa na mimba, wiki kumi na moja. Kwenye mkoba wake tumekuta majibu ya kipimo, ya Jumanne hii."

"Mume anajua?"

"Nimemzungukazunguka kwa maswali. Hajui. Anasema tangu Jumatatu walikuwa hawaongei, mpaka jana walipogombana."

"Basi isitoke humu ndani," alisema Inspekta. "Wewe, mimi na daktari. Hata kwa mume, ngoja kwanza."

*

Duka la matairi lilikuwa chumba kirefu, kimejaa harufu ya mpira, na mwenyewe alikuwa ndani, amekaa juu ya tairi la lori. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, mikono yenye nguvu iliyolala mapajani kama vyombo vilivyowekwa chini baada ya kazi. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia. Hakuwa amefunga duka.

"Pole sana, dada," Inspekta alisema.

"Asante, afande. Nimekaa tu, sijui niende wapi. Mdogo wangu nilimlea mimi. Mama alipofariki alikuwa na miaka saba."

"Gari lake ulilitengeneza wewe."

"Mimi tu."

"Ulilitazama lini mara ya mwisho?"

"Wiki mbili zimepita. Nilimwambia matairi yamekwisha, abadilishe. Yeye na kazi zake, hasikii. Tangu siku hiyo hatujaonana, hata simu."

"Hata wiki hii?"

"Hata wiki hii." Akajifuta jicho kwa nyuma ya kiganja. "Yule mume ndiye wa kuulizwa. Ana wivu kama moto wa petroli. Alikuwa anamtesa kwa maswali. Na sasa tazama, waliokufa ni wawili, si mmoja."

Sajenti aliacha kuandika.

Inspekta alivuta kigoda, akakaa karibu naye kabisa. Aliongea taratibu, kama kawaida yake.

"Wawili nani, dada?"

Nje, lori lilirudi nyuma likilia.

"Mtoto," alisema. "Si... watu wanasema."

"Hakuna watu wanaosema. Anajua daktari, najua mimi, anajua Sajenti. Mumewe hajui mpaka sasa. Mdogo wako mwenyewe alijua Jumanne. Kwa hiyo alikuambia Jumanne, au Jumatano, au jana. Siku gani?"

Macho ya mwanamke yalikwenda kwenye rafu. Inspekta akayafuata. Kati ya spana na kopo la grisi kulikuwa na kikopo cha rangi ya njano, burashi ndogo imelala juu yake.

"Kila nati unayoikaza unaitia rangi?"

"Baba alinifundisha hivyo."

"Kwenye tairodi za mdogo wako kuna matone matatu, moja juu ya jingine. Tutapeleka rangi hiyo maabara. Lakini mimi na wewe hatuhitaji kusubiri maabara, au siyo?"

Sajenti akamsomea onyo: hakulazimika kusema lolote, na atakalosema lingeandikwa. Dada mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Alikuja kwangu kwanza," alisema.

"Nani?"

"Shemeji. Alikuwa na pikipiki. Kila Jumamosi analeta tairi nijaze upepo, na tairi halina shida yoyote. Miezi sita. Anakaa palepale ulipokaa, ananisimulia habari za wateja wake, mimi nacheka. Hakusema neno, lakini afande, mtu mzima anajua. Siku moja mdogo wangu akaniletea chakula cha mchana. Alikuwa amemaliza ukunga, kavaa sare mpya niliyomnunulia mimi. Yule bwana alimtazama, na pikipiki akaisahau hapa mpaka kesho yake."

"Uliwaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba mtu hakunitongoza?" Akacheka kicheko kikavu. "Kwenye harusi yao nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Watu wakasema, dada gani huyu, hana kinyongo. Nikakaa nacho miaka mitatu. Kila akija hapa, 'Dada, mume wangu kasema hivi, dada, mume wangu kanishonea hii.' Kila kitu chake kilianzia kwangu, halafu ananionyesha kama mgeni."

"Ukageuza magurudumu."

"Nilijua wivu wa yule bwana. Nikasema, matairi yataisha, nitamtilia neno moja tu, watagombana, ataachika. Mimi nilitaka aachike, afande. Basi. Arudi hapa dukani, tukae kama zamani."

"Akaja Jumanne."

"Akaja Jumanne. Analia. 'Dada, niambie ukweli, gari lina nini? Mume wangu anasema nina bwana.' Nikaliinua kwenye jeki." Sauti yake ilishuka. "Nyuzi zilikuwa zimetoka. Nikaziona. Nilikuwa na matairi mawili ya saizi yake, yale pale ukutani. Nusu saa, kazi imekwisha. Nikayaangalia. Halafu yeye akashika mkono wangu, wenye grisi, akauweka tumboni kwake. Akasema, 'Wewe ndiye wa kwanza kujua. Nikimwambia hili, ugomvi wote utakwisha.'"

Akakigeuza kiganja chake, akakitazama.

"Na ungekwisha kweli," alisema. "Niliona kabisa kwamba ungekwisha."

"Ukamwambia nini?"

"Nikalishusha gari. Nikamwambia liko salama."

*

Alasiri hiyo Inspekta alimwachia fundi cherehani. Alimkalisha kwanza, akamweleza yote moja baada ya jingine: tairodi, kilomita elfu tatu na mia tisa, neno la dukani. La mimba aliliacha mwisho, na alipolisema, yule mwanamume hakulia. Aliuliza tu kama mita ya kilomita ilikuwa mahali pa kuonekana.

"Mbele kabisa, chini ya usukani," Inspekta alijibu. Hakuona njia ya kusema vinginevyo.

Walipotoka kwenye korido walikutana na Sajenti akimleta dada mkubwa kutoka chumba cha alama za vidole, pingu mikononi, vidole vimechafuka wino juu ya grisi. Korido ilikuwa nyembamba. Ilibidi wasimame.

"Shemeji," alisema yule mwanamke. Lilikuwa neno la zamani tu, lilimtoka kwa mazoea.

Fundi cherehani alimtazama. Inspekta akasogea hatua moja katikati yao, akitegemea matusi au ngumi, lakini havikuja.

"Wewe ulisema neno moja," fundi cherehani alimwambia. "Yeye aliniambia miaka mitatu kwamba ananipenda. Nikaamini lako."

Akajibana ukutani kuwapisha, akasubiri mpaka walipopita, ndipo akauliza mlango wa kutokea uko upande gani.