Uso wa Mwenye Nyumba

Saa 2:10 asubuhi.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la magodoro. Hakikuwa na dirisha. Watu wanne, meza moja.

"Nyumba moja," Mkubwa akasema. "Wanunuzi watatu. Wa kwanza saa nne, wa pili saa tano kasorobo, wa tatu saa tano na nusu. Kila mmoja ajue yuko peke yake. Saa sita tumefuta kila kitu. Mwenye nyumba anarudi safari saa saba."

"Mlango?" Dalali akauliza.

Komeo, fundi kufuli, alicheka bila kufungua mdomo. "Kitasa kile nilikifunga mimi mwenyewe mwaka juzi. Mwenye nyumba alinipa na chai."

Wa nne alikuwa Kidole. Mkubwa alikuwa amemwoa dada yake, kwa hiyo waliitana shemeji. Jina la Kidole alilipata kwa msemo wake: kitu kisichotumika kwa kidole kimoja hakijaisha kutengenezwa. Programu ya simu ya kununua na kuuza nyumba ilikuwa kazi ya mikono yake. Alikuwa amekaa miezi sita kwenye foleni za zahanati na benki, akitazama watu wanavyoshika simu. Akaona vidole vya wazee vinavyotetemeka, akafanya vitufe viwe vikubwa. Akaona watu wanakimbia maandishi marefu, akaweka picha ya kitanda na ya bomba. Akaona kwamba ukimuuliza mtu "Una uhakika?" anaogopa na kurudisha simu mfukoni. Swali hilo akaliondoa.

Tena akasema mtu halipi ukuta, anamlipa mtu mwenzake. Iwekwe picha ya muuzaji.

"Hiyo ya picha niachie mimi," Mkubwa alikuwa amemjibu.

"Hata marehemu bibi yangu angenunua nyumba kwa hii kitu," Dalali akasema. "Angenunua mbili, alivyokuwa na tamaa."

Mkubwa hakucheka. "Kidole, leo unakuja na sisi. Mtu akikwama, unamwonyesha pa kubonyeza."

"Shemeji, tulikubaliana sitaonekana."

"Dada yako anakusalimia," Mkubwa akasema, akainuka.



Saa 3:40.

Nyumba ilikuwa safi. Viatu vidogo vitatu vilipangwa kibarazani. Dalali alishusha picha za familia moja moja, akazifungia kabatini. Ukutani zikabaki alama za mraba, nyeupe kuliko rangi nyingine. Kidole alizitazama mpaka akaona haya, akageuka.

Komeo alikuwa amepiga magoti mlangoni. Alikuwa akiweka kitasa kipya.

"Si umeshafungua? Kipya cha nini?" Kidole akauliza.

"Nimeagizwa," Komeo akasema. Hakumtazama usoni.

Saa 4:00 alikuja dereva wa lori. Alikagua bomba, akagonga ukuta, akatoa simu. Dakika nne, akawa amelipa. Saa tano kasorobo wakaja ndugu wawili, wakabishana kuhusu jiko, wakalipa. Kidole hakuitwa kumsaidia mtu. Alisimama korido, akisikia simu zikilia ule mlio mdogo wa furaha aliouchagua mwenyewe.

Saa 5:30.

Waliingia watatu: mshona nguo, mumewe, na mama mkwe wake aliyetembea kwa fimbo. Mama aliuliza chumba chenye jua kiko wapi. Akakikuta, akakaa sakafuni palepale kukijaribu.

"Hapa sitoki," akasema. "Mtanizika humu."

"Mama, hatujalipa bado," mwanawe akasema.

"Basi lipa. Miaka kumi na mmoja ya cherehani, mnangoja nini?"

Kisha mama akamwona Kidole mlangoni. Uso ukamchangamka. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Kumbe ndiye huyu! Njoo mwanangu. Kwenye simu umenona kidogo."

"Mimi, mama?"

Mshona nguo alimgeuzia simu. Juu ya kitufe kikubwa cha kijani palikuwa na uso wa Kidole. Ni picha ya harusi ya dada yake, imekatwa. Bega la dada lilibaki pembeni. Chini, jina lake lote na namba ya kitambulisho. Ukurasa wa nyumba hii Mkubwa aliujaza mwenyewe jana. Kidole alikuwa ameijaribu programu kwa kurasa za uongo tu.

Tayari watu wawili walikuwa wamemlipa yeye.

"Usibonyeze!" akasema. "Baba, tafadhali..."

"Nimeshabonyeza," mume akasema, akitabasamu. "Nimegusa tu, ikaniambia hongera."

Mlango wa mbele ulifungwa kwa kishindo. Kitasa kipya kikazunguka mara mbili, kwa nje. Mlango wa nyuma nao ulikuwa umefungwa, na madirisha yote yalikuwa na nondo. Gari la Mkubwa na wenzake likawaka.

Saa 5:51.

Simu ya Kidole ikaita. Mkubwa.

"Futa sasa hivi, shemeji. Sura yako imo humo, na njia ya pesa imo humo. Ukifuta, umejiokoa. Komeo atarudi kukufungulia."

"Na hawa?"

"Watapiga kelele, watachoka."

Alikata. Kidole akafungua ukurasa wa kufuta. Huo nao ulikuwa mguso mmoja. Kidole chake kilisimama juu ya kioo. Mshona nguo alikuwa akitikisa mlango kwa mikono miwili, akilia kwa sauti nyembamba. Mama hakuwa ameinuka sakafuni.

"Mwanangu," mama akauliza polepole, "wewe nyumba hii si yako?"

"Si yangu, mama."

"Ya nani?"

"Sijui hata jina lake."

Akaiweka simu sakafuni mbele ya mama, kioo juu. "Hii ina kila kitu. Asiiguse mtu mpaka polisi wafike. Hata mimi nikiomba, msinipe." Akamgeukia mume. "Piga polisi. Waambie muuzaji yupo, amekaa, hakimbii. Halafu nipe niongee."

Saa 6:04 askari alikuwa kwenye simu, akiandika.

"Kiongozi wao unamjua?"

Kidole alifumba macho. Alimwona dada yake akipakua chakula cha mchana, sahani ya mumewe kwanza.

"Anakula kwa dada yangu," akasema. "Nitakuelekeza mpaka mlangoni. Wekeni watu nyuma pia. Mlango wa jikoni kwao hauna kufuli."